Pipi Saba za Shangazi Verena

Chekeni kwanza mmalize, mimi nitangoja. Najua habari ilishawafikia, maana mtaa mzima wa Muhima siku hizi unaniita Sabuni, na hata yule mama anayeuza mkaa pale kwenye kona, ambaye sijawahi kumwambia jina langu, huniuliza, "Bwana Sabuni, leo huchukui mkaa?" uso mkavu kabisa, kama vile ndilo jina nililobatizwa nalo. Lakini mliyoyasikia mmesimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na wengine wameongeza chumvi (hapana, sikutumbukia kwenye mtungi wa pombe, na hapana, padri hakuitwa). Acheni niwasimulie mwenyewe, kwa kuwa aibu ni yangu na sioni kwa nini wengine waitembeze vibaya.

Mnanijua mimi, Deo, ni mtu wa ndani. Tangu nimalize sekondari kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza redio, kusoma magazeti ya mwaka juzi na kusubiri ajira ije kunitafuta nyumbani, maana niliona kuitafuta mimi ni kuisumbua. Kwa hiyo nyumba ikibaki bila mtu, mimi ndiye mtu. Na mtu akibaki peke yake na kitu kitamu, basi, mnaona wenyewe tunakoelekea.

Kitu chenyewe kilikuwa mkebe wa pipi. Shangazi Verena, dada wa marehemu baba, alimpikia madame mmoja wa Kifaransa kule Kiyovu kwa miaka minane. Oktoba ya mwaka wa tisini, vita vilipoanza kaskazini, Wazungu wengi walifunga masanduku yao, na madame naye akafunga lake, na asubuhi ya kuondoka akampa Shangazi sweta moja na mkebe mmoja. Mkebe ulitoka Paris, kwenye jumba la makumbusho, lile duka la pale mlangoni ambapo watu wakishatazama picha wasizoweza kwenda nazo nyumbani hununua kikombe chenye picha ileile. Shangazi hakuufungua. Aliuviringisha kwenye kitambaa, akauweka chini kabisa ya sanduku lake, chini ya kitenge cha Pasaka, akasema, "Huu ni wa siku Faustin ataposa."

Faustin ni kaka yangu, fundi cherehani, na Julai iliyofuata siku hiyo ikafika. Msichana aliitwa Espérance, wa Remera, karibu na Gisimenti, na familia yake si watu wa mchezo. Walikuwa wameshamkataa mchumba mmoja kwa sababu msemaji wake aliketi kabla ya kukaribishwa. Hiyo tu! Faustin alikonda kwa wasiwasi hadi akakaza mkanda matundu mawili. Akanishonea hata mimi koti la kijivu ili nisije kuwatia aibu. (Endeleeni, chekeni.)

Siku nne kabla ya gusaba, ile siku ya posa yenyewe, Shangazi akanijia sebuleni na mkebe mikononi kama mtu aliyebeba mtoto wa wiki moja.

"Deo, wewe umesoma. Ndani iko karatasi ya Kifaransa, madame alinambia. Isome, unieleze hizi picha ni za nini, nisionekane naleta kitu sikijui. Lakini fungua polepole."

"Nitafungua kama daktari, Shangazi."

Akaniachia mkebe, akaenda zake sokoni. Nikafungua kama daktari. Sasa jamani, sijui niwaambieje. Pipi zilikuwa kumi na mbili, za mraba, nyeupe, bapa, zimekaa kila moja kwenye kitundu chake cha karatasi ngumu, na juu ya kila moja kulikuwa na picha ndogo ya rangi. Bwawa lenye maua yanayoelea, mwanamke na mwavuli juu ya kilima, kituo cha treni kilichojaa moshi, marundo ya nyasi, watu wanakula kando ya mto. Ukizisogeza karibu unaona madoa tu, kama mtu aliyejaribu brashi; ukizisogeza mbali, maji yanacheza. Karatasi ilieleza kwamba ni kazi za wachoraji wa Kifaransa wa zamani, les impressionnistes, waliokuwa wakienda na turubai zao nje na kuchora harakaharaka kabla jua halijageuka, na kwamba watu wa wakati wao waliwacheka.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa. Nikajiambia: pipi hizi zimekaa miezi tisa sandukuni. Je, kama zimeharibika? Tukawape wakwe pipi zilizochacha, halafu Espérance wa watu tumkose kwa ajili hiyo? Mtu mwenye kujali familia yake lazima aonje moja. Nikaonja moja, ile ya marundo ya nyasi.

Haikuwa imeharibika.

Lakini sasa palikuwa na kitundu kitupu katikati ya mstari, kinanitazama. Nikaona nikila na ya jirani yake, patakuwa na uwazi wa kueleweka kidogo, kama vile ni mpangilio (hesabu hii sikufundishwa na mtu, niliivumbua mwenyewe). Alasiri ikawa ya mwanamke na mwavuli. Kesho yake, wote walipokwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ikawa ya treni. Sitawachosha. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimekula saba, na mkebe ulikuwa unagongagonga ndani kama mdomo wa mzee aliyebakiwa na meno matano.

Ndipo hofu ikanipata, na hofu ikanipa akili, na heri ingenipa homa. Kwenye kabati kulikuwa na sabuni ya kuogea ya Mama, nyeupe, ya wageni, haijaguswa. Nikaikata kwa kisu vipande saba, nikavilainisha kwa maji, vikawa mraba, bapa, sawasawa kabisa. Na picha je? Nilikuwa bado na penseli za rangi nilizochorea ramani shuleni. Nikajisemea: hawa wachoraji wenyewe walipaka madoa kwa haraka, tofauti yao na mimi ni nini? Sabuni ikiwa na unyevu hushika rangi vizuri sana, hilo nawaambia bure. Nikachora bwawa. Nikachora mwavuli. Taabu ikaja kwenye zile ambazo sikuzikumbuka, kwa sababu ukishakula picha huwezi tena kuitazama. Basi nikatazama dirishani nikachora nilichokiona. Nikanyunyizia sukari juu ili kuua harufu, nikafunga mkebe, nikapumua. Zawadi kwetu haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Itapelekwa ndani, itafunguliwa kesho au keshokutwa, na aibu hiyo itakuwa ya duka la Paris.

"Umesoma?" akauliza Shangazi jioni ile, alipokuja kuuchukua mkebe.

"Nimesoma yote."

"Hukugusa kitu?"

"Nimegusa karatasi tu, Shangazi."

Akanishika shavu. Hapo kwenye shavu pananiwasha mpaka leo.

Asubuhi ya gusaba, nikiwa ndani ya koti langu la kijivu, Shangazi akatangaza kwamba mkebe hautapelekwa umefungwa. "Nimeongea na Baba Mdogo Karoli, yeye ndiye msemaji wetu. Amekubali. Utafunguliwa pale mbele, na Deo ataeleza picha moja moja. Wajue tumeleta kitu chenye elimu."

Nikasema kichwa kinaniuma. Nikasema na tumbo. Faustin akanitazama tu, kola imemkaba, jasho kwenye mdomo wa juu, akasema, "Deo, ndugu yangu, leo tu. Leo tu usiwe na tumbo."

Tukaenda.

Uani kwao walikuwa wamejenga kibanda cha migomba na maturubai, viti vyao huku, vyetu kule, tunatazamana kama timu mbili. Msemaji wao alikuwa Mzee Tadeo, mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi. Espérance kama ilivyo desturi alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Baba Mdogo Karoli alingoja kukaribishwa hata kupumua, na mambo yakaenda vizuri, utani ukaenda ukarudi, pombe ya mtama ikaletwa, na mwenye nyumba akaionja kwanza yeye mbele yetu. Hiyo mnaijua, kusogongera: anayekupa hunywa kwanza, uone kwamba hakuna kitu kilichowekwa ndani. Niliitazama desturi hiyo ikipita mbele ya macho yangu na wala sikuwaza, kwa sababu nilidhani ni ya pombe tu.

Kisha nikaitwa. Nikasimama na mkebe juu ya kitambaa kilichotariziwa, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, adabu tupu. Mzee Tadeo akaupokea mkebe, akafungua kifuniko. Watu wakavuta pumzi.

"Yoo! Hii ni ya kula?"

"Ni ya kula, Mzee."

Nikaanza kueleza. Na hapa lazima nikiri kitu kibaya zaidi: nilinogewa. Mtu wa ndani akipewa watu arobaini wa kumsikiliza hulewa. Nikaeleza bwawa, nikaeleza mwanga, nikaeleza jinsi hawa mabwana walivyochekwa na wenzao wakaendelea na kazi, na nikamwona Shangazi kwenye benchi letu amekaa wima, mikono magotini, midomo inanifuata neno kwa neno.

Mzee Tadeo akasogeza miwani. "Na hii ya pembeni?"

"Hiyo ni… kijiji cha Ufaransa, Mzee."

"Naona migomba."

"Ndiyo, Mzee."

"Ufaransa iko migomba?"

"Yule mchoraji alisafiri sana."

"Na hili si paa la bati?" Akaisogeza kwenye mwanga, akainusa. "Inanukia vizuri kama ua! Kijana, kati ya zote hii ndiyo nzuri. Hizo zingine zina ukungu ukungu, lakini huyu aliijua kazi." (Jamani, pamoja na yote, nilisikia fahari kidogo. Siwafichi.) Akanirudishia ile pipi, akatabasamu. "Basi. Kinywaji chetu tulikionja mbele yenu. Nyinyi nanyi tuonjesheni chenu. Uliyebeba, anza."

"Mimi, Mzee?"

"Nani mwingine? Au mnaogopa chakula chenu?"

Watu wakacheka. Nikatazama zile tano za kweli mkebeni, karibu hivi, lakini ningemrudishia vipi mzee chaguo lake mbele ya ukoo wake? Nikatazama Faustin. Nikatia sabuni mdomoni.

Sekunde ya kwanza ni sukari, na nikafikiri labda Mungu yupo upande wangu. Ya pili sivyo. Kumeza haikumezeka. Nikatafuna, nikazidi kuharibu, maana sabuni ukiitafuna inakuwa nyingi kuliko ulivyoiweka.

"Ladha yake?" akauliza Mzee Tadeo.

"Tamu," nikasema, na neno likatoka na puto la povu. Puto dogo, la mviringo, lenye rangi zote, likapaa kidogo mbele ya pua yangu likapasuka.

Bibi yake Espérance ndiye aliyeona wa kwanza. "Ayii wee! Mtoto anatoa povu!"

Halafu ikawa vurugu. Wamama wakavuta watoto. Benchi likaanguka na watu wake. Mtu akasema sumu, mwingine akalirudia neno hilo kwa sauti kubwa zaidi, na mwenye akili akapiga kelele, "Maziwa! Mpeni maziwa!" Wakanishika kichwa nyuma, wakanimiminia kibuyu kizima, na naomba mkumbuke: maziwa juu ya sabuni hayasaidii. Povu likatoka mdomoni, likatoka puani, likateremka kwenye koti la kijivu alilonishonea Faustin mpaka kwenye kifungo cha mwisho.

Mzee Tadeo alikuwa amesimama. Hacheki tena. "Karoli, mmetuletea nini katika nyumba hii?"

Pazia likasogea, nikaona jicho moja la Espérance na vidole vyake. Faustin alikuwa ameketi peke yake kwenye viti vitupu, mikono kichwani, kama mtu aliyefiwa. Mnaelewa? Neno sumu likishasemwa kwenye uwanja wa watu halirudi. Si ndoa tu. Ni jina letu, ni kila kikombe tutakachompa mtu mpaka tufe.

Ndipo Shangazi Verena akanyanyuka. Akapita katikati ya wale watu bila haraka, akauchukua mkebe mikononi mwa Mzee.

"Ni mimi nimeuleta," akasema. "Nimeuweka miezi tisa. Kama iko sumu, iko yangu. Tazameni."

Akachukua pipi. Ya mwavuli, kazi ya mikono yangu. Akaipeleka mdomoni akiwa amefumba macho, kama anayepokea komunyo.

"Shangazi usile!" nikapiga kelele, povu likaruka. "Ni sabuni!"

Shangazi akaishusha ile pipi kabla haijagusa ulimi.

"Sabuni ya nini?" akauliza Mzee Tadeo.

"Ya kuogea, Mzee. Ya wageni. Pipi nilikula mimi. Saba. Nikaweka sabuni mahali pake, nikachora kwa penseli." Na kwa sababu bado walinitazama, nikaongeza, "Ile migomba ni ya jirani yetu Muhima."

Bibi yake Espérance ndiye aliyeanza. Alicheka kwa pua kwanza, halafu akakaa chini kabisa, akajipiga paja. "Yewe, basi tumbo lake leo limefuliwa!" Na uwanja mzima ukamfuata, upande wao na upande wetu, watu wakashikana mabega, na Mzee Tadeo akavua miwani na ule uzi wake, akafuta macho, na aliponyamaza akasema maneno ambayo hadi leo hurudiwa kwenye kila harusi ninayoalikwa (ndiyo maana siendi):

"Msichana tunawapa. Nyinyi ni watu wa kusema ukweli, ingawa mnausema kwa povu. Lakini huyu kijana ana faini. Vyombo vyote vya leo ataosha yeye. Sabuni anayo."

Nikaviosha. Vibuyu, bilauri, masufuria ya watu arobaini, nimechuchumaa nyuma ya jiko na koti langu, wasichana wa Remera wakipita makusudi mmoja baada ya mwingine: "Pardon, kaka mchoraji, unaweza kunichorea na hii sahani?" Bibi alikuwa ameshaukung'uta mkebe wote kwenye shimo la choo, za kweli na za uongo pamoja, kwa tahadhari, akabakiza mkebe wenyewe. Siku hizi Espérance anautumia kuwekea vifungo vya Faustin. Faustin alinisamehe baada ya wiki mbili. Alisema amenisamehe mimi, koti bado.

Lakini kisa hiki watu hukimalizia hapo kwenye vyombo, na mimi hapo ndipo kinaponianzia. Kwa sababu Shangazi hakucheka. Alicheka na midomo, kwa adabu, kwa kuwa wakwe walikuwa wanacheka. Kesho yake, baada ya misa, nikamkuta ameketi kitandani, sanduku limefunguliwa, anakunja upya kile kitambaa alichoviringishia mkebe, anakipanga pembe kwa pembe. Nikapiga magoti mlangoni. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima.

"Deo," akanikatiza, "zilikuwa na ladha gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Miaka minane alimpikia madame, akamkorogea krimu, akamwokea keki, na ile ilikuwa mara ya kwanza anapewa kitamu ambacho hakukipika mwenyewe. Alikuwa amekiweka. Na hakukionja.

Nikataka kumpoza. "Hazikuwa tamu sana, Shangazi."

"Usinidanganye mara ya pili."

Basi nikamwambia. Nikamwambia kwamba inaanza baridi kidogo kwenye ulimi, halafu picha inayeyuka kabla ya pipi yenyewe, na chini yake kuna kitu kama maziwa na ganda la limau, na ukiitafuna inavunjika kwa sauti ndogo. Alinisikiliza amefumba macho, vilevile kama jana yake pale uwanjani.

"Hiyo ni ya nyasi?"

"Ya nyasi."

"Na ulikula saba."

"Saba, Shangazi."

Akalaza kitambaa magotini, akakilainisha kwa kiganja.

"Nisimulie na ya pili."

Tangu siku ile sifungui kitu kisicho changu. Hata barua yenye jina langu naiuliza mara mbili. Na pipi nikipewa nasema asante, naitia mfukoni, nampelekea Shangazi. Kwa maana nilianza kumsimulia zote asubuhi ile, moja baada ya nyingine, nimepiga magoti kwenye saruji, na kufikia ya nne maneno yalikuwa yameniishia, nilichokikumbuka mdomoni kilikuwa sabuni tu, na yeye bado amefumba macho, anangoja ya tano.